Una chatu nyumbani? Kibali, ukaguzi na jela: soma kabla hawajabisha hodi



Kuna swali halikosekani vijana wakikaa kuongelea nyoka: "Mimi nimemkamata mwenyewe porini, sijamuibia mtu, simuuzi, namlisha panya tu. Kosa langu liko wapi?" Jibu fupi ni kwamba kosa liko hapo hapo kwenye "nimemkamata". Jibu refu ndiyo makala hii. Itakaa hapa, ili siku ukihitaji usianze kuuliza vijiweni, maana vijiweni kila mtu ni mwanasheria.

Nianze na sheria yenyewe. Tanzania Bara tunatumia Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009. Ilichukua nafasi ya ile ya 1974, na kabla ya hapo kulikuwa na amri za wakoloni, za Wajerumani kisha za Waingereza. Jambo la kwanza kulijua ni kwamba mnyamapori ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kwa hiyo chatu aliyeingia kwenye banda lako la kuku hajawa wako kwa sababu kaja mwenyewe. Kuku ni wako. Chatu ni wa serikali.

Jambo la pili ndilo linalowaponza wengi. Neno NYARA. Mtaani tukisikia nyara za serikali tunafikiria pembe za ndovu na ngozi ya chui. Sheria inalitafsiri neno hilo kwa upana zaidi: mnyama yeyote wa porini, awe hai au amekufa, pamoja na ngozi, jino, mfupa, nyama, yai na kipande kingine chochote. Umeona? Chatu anayepumua ndani ya sanduku ni nyara. Kipande cha ngozi yake kwenye mkoba wa mganga ni nyara. Mayai yake uliyoyaokota kwenye shimo la muhanga, nayo ni nyara.

Kukutwa na nyara bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 86. Adhabu inategemea mnyama yumo kwenye jedwali gani la sheria na nyara ina thamani gani, kwa hiyo usidanganywe na mtu anayekutajia faini moja ya kudumu. Kwenye kesi nzito sheria inataja kifungo cha miaka 20 hadi 30. Na thamani hupangi wewe wala mnunuzi wako. Ofisa wa wanyamapori anaandaa hati ya tathmini ya nyara, na hati hiyo inapokelewa mahakamani kama ushahidi. Tena makosa haya yamewekwa kwenye kundi la uhujumu uchumi, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka anaingia humo. Si kesi ya kumalizana kwa balozi wa nyumba kumi.

Halafu kuna hili. Kwenye kesi nyingi za kawaida serikali ndiyo inabeba mzigo wa kuthibitisha kila kitu. Kwenye nyara, ikishathibitika umekutwa nayo, wewe ndiye wa kuonyesha kwamba uliimiliki kihalali. Ndiyo maana nasema karatasi itangulie sanduku. "Nilikuwa mbioni kuomba kibali" si karatasi.

NANI ANATOA KIBALI

Mtendaji wa kijiji hatoi. Mwenyekiti wa kitongoji hatoi. Polisi hawatoi. Barua ya mwenyekiti inaweza kusaidia kukutambulisha wewe ni nani na unakaa wapi, basi. Ukikuta mtu anakuuzia "kibali cha nyoka" chenye muhuri wa kijiji, huyo ni kishoka kama vishoka wa umeme.

Kwa mtu wa Uyui mlango wa kwanza uko karibu kuliko anavyodhani. Isikizya ndiyo makao makuu ya wilaya, na halmashauri ina watu wa maliasili na wanyamapori. Huyo ofisa wa wanyamapori wa wilaya ndiye wa kumuona kwanza. Hatakuandikia kibali cha kufuga pale pale, ila atakuelekeza ombi liende wapi na liambatane na nini. Juu yake kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, yenye makao makuu Morogoro na ofisi za kanda. TAWA ilianzishwa kwa amri ya 2014, na ndiyo inayosimamia wanyamapori nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro. Juu kabisa kuna Mkurugenzi wa Wanyamapori, Wizara ya Maliasili na Utalii.

Sasa, kibali si kimoja. Watu wengi hapa wanachanganya. Kukamata mnyama porini kuna ruhusa yake. Kumweka na kumfuga ni ruhusa nyingine. Kumsafirisha kutoka sehemu moja kwenda nyingine kuna karatasi zake, na kumtoa nje ya nchi ni habari nyingine kabisa. Aliyeruhusiwa kufuga Tabora hajaruhusiwa kumpakia kwenye basi la Mwanza ndani ya begi la mazoezi.

Na niseme ukweli: milango inayojulikana ya kufuga wanyamapori kwetu ni bustani ya wanyama, shamba, ranchi, au kituo cha kutunza wanyama waliopotelewa na wazazi. Yaani mfumo unamtazamia mtu mwenye eneo, mabanda, mtaalamu na mpango wa biashara au elimu. Kijana mwenye chumba kimoja na sanduku la bati chini ya kitanda hakufikiriwa hapo. Akipeleka ombi lenye maneno "nampenda tu nyoka wangu", sidhani litafika mbali. Anayetaka kwa dhati atazame Meserani, nje kidogo ya Arusha, ambako kuna bustani ya nyoka tangu 1993. Pale kuna vizimba, walinzi, watu wanaolipa kiingilio na mahali pa kutibu waliong'atwa. Hicho ndicho kipimo cha mtu anayefuga majoka.

WAYEYE, NA SWALI AMBALO SHERIA HAIJALIJIBU VIZURI

Mtu wa Arusha anaweza kuishia hapo. Sisi wa Unyamwezini hatuwezi, kwa sababu huku nyoka hakuanza na watalii.

Unyamwezi na Usukuma vilikuwa na vyama vya watu wa nyoka, maarufu zaidi Wayeye, au Bayeye kama wenyewe wanavyosema. Mtu hakuingia kwa kununua nyoka. Aliingizwa kwa taratibu za siri, akachanjwa dawa, akafundishwa majani na mizizi, akajua kumtoa koboko kwenye kichuguu na kumtibu jirani aliyegongwa na kifutu. Kwenye ngoma walicheza na nyoka hai mbele za watu. Mpaka leo ngoma ya chatu ni kati ya vitu vinavyowavuta watu Bujora, Kisesa, nje ya Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma.

Wageni waliliona hili zamani. Mwaka 1926 taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilileta msafara Tanganyika kukamata wanyama hai kwa ajili ya bustani ya Washington, hela zikitoka kwa Walter Chrysler, yule wa magari. Kiongozi alikuwa William Mann, mkuu wa bustani hiyo, na ndani yake alikuwemo Arthur Loveridge, mtaalamu wa nyoka na mijusi. Mwingine aliitwa Carnochan. Huyu alivutiwa na watu wa nyoka wa Unyamwezi kiasi kwamba mwaka 1935 yeye na mwenzake Adamson walitoa kitabu, The Empire of the Snakes. Kwa maoni yangu kitabu kile kina chumvi nyingi. Aliyetulia ni Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni, ambaye mwaka 1946 aliandika kuhusu Buyeye katika jarida la Africa.

Tazama mpangilio wake sasa. Msafara ulikuja, ukakamata, ukaondoka na wanyama kwa meli, kila kitu kwa ridhaa ya serikali ya Waingereza. Mzee wa Kinyamwezi aliyejua nyoka anakaa shimo gani hakuwa na karatasi hata moja, na mjukuu wake leo, akikutwa na chatu wa ngoma bila kibali, anasomewa shitaka lile lile analosomewa muuza ngozi. Uzoefu wa ukoo haukupi msamaha wenyewe tu. Unaweza kuutaja kwenye ombi, na mimi ningeutaja, lakini hausimami badala ya ombi.

Hapa mimi nina upande wangu. Kikundi cha ngoma kilichosajiliwa, chenye viongozi wanaojulikana na nyoka wawili watatu, kingestahili njia yake fupi: kisajiliwe wilayani, nyoka wahesabiwe, ofisa aje mara mbili kwa mwaka, basi. Ingekuwa rahisi kuwafuatilia kuliko sasa ambapo kila mtu anaficha. Ila mpaka njia hiyo iwepo, kikundi kiombe kama kikundi, kwa jina la kikundi, kikiwa na barua ya ofisa utamaduni wa wilaya. Usimwachie mchezaji mmoja abebe sanduku na kesi peke yake.

Hapo hapo niwaseme na wale wa "nyoka wa hela". Mnawajua. Mtu anauziwa chatu mchanga na kuambiwa amlishe mayai usiku wa manane, atatapika noti. Hajawahi kutapika. Anayeuza anaondoka na hela halali, anayenunua anabaki na nyara ya serikali chumbani. Dili gani hilo?

KWA NINI WAKAGUE

Chatu wetu hana sumu. Huo ndio ukweli, na ndio unaowapa watu kiburi. Anaua kwa kuzunguka na kubana, na meno yake yamejikunja kwenda nyuma. Wa kawaida ana mita 3 mpaka 4, wapo wanaopita 5. Jike hutaga mayai kwa makumi na kuyalalia mpaka yaanguliwe. Unamchukua akiwa kama mkanda wa suruali, anakaa kwenye ndoo, kila mtu anapiga naye picha. Miaka michache baadaye anahitaji watu wawili kumnyanyua. Akitunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Piga hesabu: una miaka 19 leo, utakuwa na mke, watoto na chatu yule yule.

Agosti 2013, huko Campbellton, jimbo la New Brunswick, Kanada, chatu wa jamii ya Afrika alitoka kwenye kizimba ndani ya nyumba iliyokuwa ghorofani juu ya duka la wanyama. Alipita kwenye bomba la hewa, bomba likaporomoka, akaangukia sebuleni ambako watoto wawili wageni walikuwa wamelala, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miaka 6. Asubuhi walikutwa wamekufa. Aina hiyo ya chatu hairuhusiwi kufugwa na mtu binafsi katika jimbo lile bila kibali maalumu. Mwenye nyoka alishitakiwa na mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia ya jinai. Lakini watoto hawakurudi. Tundu la hewa kwenye kizimba halikuwa na kifuniko cha kulizuia joka lile. Mkaguzi mmoja mwenye macho angelipigia mstari mwekundu.

Marekani nao chatu wetu wamewasumbua. Florida watu walileta majoka ya kufuga, wakayachoka, mengine yakatoroka, sasa yanazaliana kwenye vinamasi. Wengi ni chatu wa Burma, ila na wa Afrika wamepatikana karibu na Miami. Mwaka 2012 serikali ya shirikisho ikapiga marufuku kuingiza nchini aina nne za majoka, na mbili kati yake ni chatu wa Afrika, wa kaskazini na wa kusini. Yaani ndugu wa huyu wa kwenye mbuga zetu za mpunga.

Uingereza wao wana sheria ya wanyama hatari ya 1976. Mfugaji anaomba leseni kwa halmashauri yake, daktari wa mifugo anakuja kukagua, na lazima awe na bima. Cha kushangaza, orodha yao ina nyoka wenye sumu lakini chatu hamo. Sikubaliani nao, ila halmashauri kupewa kazi hiyo ni kitu ambacho hata Isikizya wangekiweza.

MKAGUZI AKIFIKA

Kuna wageni wa aina mbili, na usiwachanganye.

Wa kwanza ni mkaguzi wa mtu mwenye kibali au anayeomba. Popote duniani macho yake huanzia kwenye mlango. Kizimba kinafungwa kwa kufuli au kwa kijiti? Kuna mlango wa pili, ili ukiingia wa kwanza joka lisipite miguuni? Matundu ya hewa yana wavu wa chuma? Mtoto anaweza kufika? Kisha maji ya kutosha kujiloweka, pa kujificha, joto, usafi. Halafu daftari: wangapi, walitoka wapi, nani kazaliwa, nani kafa na mzoga umekwenda wapi, wanakula nini. Wengi huangukia kwenye daftari. Kibali kinasema watatu, kizimbani wapo watano, na mfugaji anasema "wamezaa". Kuzaa si kosa. Kutoandika ndiyo kimeo. Kumbuka pia kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, kwa hiyo hata mwenye kibali akimkunja chatu wa mita 4 kwenye debe ana la kujibu. Wale wanaowashona nyoka midomo kwa ajili ya maonyesho, mimi sina la kuwatetea.

Mgeni wa pili ni askari wa wanyamapori aliyepata taarifa. Kifungu cha 106 kinampa uwezo wa kudai umuonyeshe mnyama au kibali, kupekua na kukamata. Lakini nyumba ya kuishi watu haiingii tu hivi hivi bila hati ya upekuzi, mpaka awepo angalau shahidi mmoja huru, mtu asiye wa upande wao. Mara nyingi huitwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Wakichukua kitu, panatakiwa hati ya ukamataji yenye kutaja kilichochukuliwa, iwe na saini. ISOME kabla hujasaini. Kama imeandikwa chatu wawili na walikuwa mmoja, sema hapo hapo mbele ya shahidi.

Nyoka hai hawezi kukaa stoo ya vielelezo akisubiri kesi ya mwaka mzima, kwa hiyo huombwa amri ya hakimu aondolewe, mara nyingi arudishwe porini. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba kwenye zoezi la namna hiyo mtuhumiwa lazima afikishwe mbele ya hakimu na asikilizwe. Kesi zimevunjika kwa sababu hilo halikufanyika. Sisemi uitumie kama ujanja, nasema ijue, kwa sababu wengi wanaokamatwa ni watu wasio na hela ya wakili na wanakubali kila karatasi.

Na usigombane nao. Usimfungulie nyoka awatishe. Umejiongezea shitaka la pili kwa mkono wako.

KUUZA NJE: SAHAU

Kila mwaka kuna kijana anaambiwa kuna mzungu ananunua chatu kwa dola. Chatu wote wamo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, ambao Tanzania imo tangu 1979. Hatoki mpakani bila kibali cha mkataba huo. Zaidi ya hapo, Machi 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 ilitangazwa kwamba waliobaki na wanyama kwenye mazizi wangeruhusiwa kuwatoa kwa miezi 6, na ndani ya siku chache tu tangazo likasitishwa. Wafanyabiashara wenye leseni na mawakili walikwama pale. Wewe na begi lako utapita wapi?

UKIWA NAYE TAYARI, AU AKIINGIA BANDANI

Akiingia bandani, usimpige. Toa watoto na mifugo, funga mlango, mpigie mwenyekiti na ofisa wa wanyamapori wa wilaya. Akishamaliza mbuzi hakimbii, tumbo linamzuia, kwa hiyo muda upo. Kumuua na kumchuna ngozi ndiyo kosa baya zaidi, maana ngozi inabaki ushahidi miaka na miaka.

Kama unaye tayari bila kibali, sikuahidi kwamba ukijisalimisha hutaulizwa. Sheria haijaandika hivyo. Ila kwenda mwenyewe na kufuatwa ni vitu viwili tofauti mbele ya ofisa yeyote na mbele ya hakimu yeyote. Nenda ofisi ya wilaya bila nyoka kwanza, kwa sababu kumbeba barabarani ni kusafirisha nyara. Nenda na mwenyekiti wako au kiongozi wa kikundi. Eleza kwa maandishi ulimpata lini, wapi, na kwamba unataka wamchukue. Toa kopi ya barua hiyo, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Wakikwambia njoo kesho, rudi kesho, na uandike nyuma ya ile kopi tarehe uliyorudi na jina la uliyemkuta.